Kwenda Kaskazini na Watoto: Safari Hupimwa kwa Aliye Mdogo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Likizo ya Agosti inakaribia, na mwaka huu wazazi kadhaa wamenijia baada ya sala na suala moja. Watoto wao wamesoma shuleni habari za Samburu, Marsabit na Ziwa Turkana, nao wanataka kuyaona kwa macho yao. Wazazi wauliza: Je, yafaa kumpeleka mtoto mdogo katika nyika ile ya mbali? Na ikiwa yafaa, safari hiyo hupangwaje? Nimeona jawabu niliandike hapa ili tufaidike sote, na hasa kina mama, kwa kuwa uzito wa safari ya watoto huwaangukia wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wazee wetu wa Pwani waliuita upande wa kaskazini kwa jina la kibla, kwa sababu kwetu sisi Makka iko karibu kaskazini sawasawa. Basi familia itokayo Isiolo kushika njia ya Marsabit huwa imeelekea kibla, na gari likisimama kando ya njia kwa ajili ya sala, hamhitaji kuulizana sana: mnatazama mbele kule mlikokuwa mkienda. Wala nchi ile si ngeni kwa watu wa mwambao. Msafara wa wageni wa Ulaya ulioongozwa na Teleki, uliofika kwenye ziwa lile mwezi wa Machi 1888, uliondoka Pangani, na kiongozi wake wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani. Wageni wakalipa ziwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likadumu mpaka 1975 lilipoitwa Turkana.

Lakini msafara ule ulikuwa wa watu wazima, tena wenye nguvu, na wengi wao waliteseka kwa njaa na kiu. Sisi twazungumzia msafara wenye mtoto wa miaka miwili, na mambo hayo mawili ni tofauti kabisa. Mimi mwenyewe tofauti hiyo sikuijua mpaka iliponifika.

Kosa nililolifanya

Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua mama watoto, binti yangu na mumewe, pamoja na wajukuu watatu. Mkubwa alikuwa na miaka minane, wa kati mitano, na mdogo mwaka mmoja na nusu. Kabla ya safari nilikaa na ramani nikahesabu kilomita: karibu 480 kutoka Mombasa mpaka Nairobi, karibu 280 mpaka Isiolo, karibu 260 nyingine mpaka Marsabit, kisha zaidi ya 200 za changarawe na mawe mpaka Loiyangalani kando ya ziwa. Nikazigawanya kwa siku, nikaona siku tatu zatosha kufika na siku tatu kurudi. Nilifurahishwa sana na hesabu yangu.

Mama watoto aliitazama karatasi, akaniuliza jambo moja tu: "Sheikh, huyu mdogo atakula saa ngapi, na atalala saa ngapi?" Nikamjibu kwamba watoto hulala garini. Akanyamaza. Nami nikadhani amekubali.

Siku ya kwanza watoto waliimba. Siku ya pili walilia. Siku ya tatu, tulipokuwa tumepita Merille na jua likiwa kali, yule mdogo alianza kutapika, kisha akaharisha. Tulikuwa tumempa maji kidogo tu tangu asubuhi, ili tusisimamesimame njiani. Binti yangu akasema, "Baba, simamisha gari." Nikamwambia, "Mwanangu, Marsabit si mbali sasa." Tukaenda kitambo. Akasema tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika: "Baba, mtoto analia na hana machozi."

Niligeuka nikamtazama. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na nepi aliyofungwa asubuhi ilikuwa ingali kavu. Tukaingia katika kituo kidogo cha afya kilichokuwa kando ya njia. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alichanganya chumvi ile ya kurudishia maji mwilini, akamfundisha binti yangu kumpa mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika moja au mbili, usiku kucha. Akitapika, wasubiri kidogo, kisha waanze tena. Karibu na alfajiri mtoto alikojoa, na sote tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa jambo ambalo nyumbani huwa hatulioni kuwa ni neema. Muuguzi yule hakunilaumu. Alisema tu, "Mzee, mtoto huyu mmempa safari ya mtu mzima."

Hatukuliona ziwa. Tuligeuka tukarudi. Katika njia ya kurudi nilikumbuka mambo mawili ninayowafundisha wengine kila mwaka. La kwanza, ni yaliyopokewa na Jabir (r.a.) katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) msafarani alikuwa akibaki nyuma, akiwasukuma mbele walio wanyonge, akiwapakia nyuma yake juu ya mnyama wake, na kuwaombea dua. La pili, ni kwamba aliposikia kilio cha mtoto hali ya kuwa yumo ndani ya sala, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa sala, nguzo ya dini, hufupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, vipi mimi nisiifupishe safari ya matembezi?

Mwaka uliofuata tulikwenda tena. Mara hii karatasi ilishikwa na mama watoto. Mengi ya yafuatayo ni mpango wake yeye.

Chagueni wakati, kisha chagueni mwisho wa safari

Kaskazini ya Kenya ina misimu miwili ya mvua kama ilivyo kwetu: ile ya Machi mpaka Mei, na ile ya Oktoba mpaka Disemba. Mvua za kule si nyingi, lakini zikija huja kwa kishindo. Lugga, yaani makorongo makavu ya mchanga, hujaa maji kwa muda mchache, na Jangwa la Chalbi hugeuka tope ambalo gari haliwezi kulivuka. Mwezi wa Machi 2010 Mto Ewaso Nyiro ulifurika ghafla ukazibeba kambi za wageni zilizokuwa kwenye kingo zake ndani ya hifadhi ya Samburu. Kwa hiyo likizo ya Aprili haifai, na ile ya mwisho wa mwaka yahitaji tahadhari. Agosti ndiyo bora: ardhi ni kavu, njia zapitika, na wanyama hukusanyika mtoni kwa kuwa maji yameadimika kwengineko. Mtoto huwaona bila ya kuzungushwa garini kutwa nzima.

Kisha amueni mwisho wa safari kwa kumtazama mdogo wenu. Rai yangu ni hii. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu aishie Samburu. Wenye watoto wa miaka mitatu mpaka saba waweza kufika Marsabit, kwa kuwa njia yote kutoka Isiolo ni lami. Loiyangalani na ziwa lenyewe waachieni wale ambao watoto wao wameshakuwa wakubwa kiasi cha kusema "nina kiu" na "kichwa chaniuma". Sababu yake ni wazi. Isiolo na Marsabit kila mmoja una hospitali kubwa ya kaunti. Ukitoka Marsabit kwenda ziwani waiacha lami, watu ni wachache, mtandao wa simu hupotea kwa masafa marefu, na gari likiharibika mwaweza kungoja muda mrefu juani. Maji ya ziwa lenyewe yana chumvi na magadi, hayafai kunyweshwa mtoto, na mamba wamo kwa wingi.

Najua mtoto mkubwa atanung'unika. Mwambieni ukweli, kwamba ziwa ameahidiwa, na kwamba ndugu yake mdogo akikua watakwenda pamoja. Kumngojea mdogo nako ni malezi.

Vituo vya njiani

Mpango wa mama watoto ulikuwa wa siku kumi, na sheria yake ilikuwa moja: baada ya kila siku ya njia ndefu, ipatikane siku ya kukaa.

Siku ya kwanza tulipanda treni ya Madaraka mpaka Nairobi. Kwa watoto treni ni bora kuliko gari, kwa kuwa mna choo na mna nafasi ya kusimama na kutembea. Tukalala kwa jamaa usiku mbili. Siku ya tatu tukaondoka baada ya sala ya Alfajiri kwa gari la kukodi, na dereva mwenyeji wa Isiolo aijuaye njia. Tulipitia Karatina na Nanyuki, tukipumzika kila baada ya saa mbili, hata kama hakuna aliyeomba. Nanyuki watoto walisimama kwenye mstari wa Ikweta, mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini. Ila juweni kwamba mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Mombasa hajui baridi. Sweta, soksi na kofia za sufi ziwe juu ya mizigo.

Kutoka Timau njia yateremka, na hewa hubadilika kutoka baridi mpaka joto kavu kabla ya kufika Isiolo. Mji huu utawapa faraja. Wasomali waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makaazi hapo, na leo Wasomali, Waborana, Wameru na Waturkana waishi pamoja, misikiti ni mingi na hoteli za Waislamu hazina idadi. Laleni hapo usiku mmoja. Nunueni maji, matunda na mafuta ya gari, na waulizeni polisi na wenyeji hali ya usalama huko mbele, kwa kuwa ugomvi wa mifugo hutokea mara kwa mara katika baadhi ya sehemu. Mkiambiwa ngojeni, ngojeni. Na wala msisafiri usiku kwa hali yoyote.

Samburu

Kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Isiolo uko mji mdogo wa Archer's Post, na hapo ndipo mlango wa hifadhi tatu: Samburu upande mmoja wa Mto Ewaso Nyiro, Buffalo Springs upande wa pili, na Shaba mashariki yake. Hizi huendeshwa na serikali za kaunti za Samburu na Isiolo, bali mbuga ya Marsabit iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya. Ulizieni ada na njia ya kulipa kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu hubadilika, na mzazi anayehangaika na simu langoni huku watoto wanaungua na jua huwa ameianza siku yake vibaya.

Wapeni watoto kazi ya kutafuta wanyama watano ambao ni fahari ya sehemu hiyo. Yuko punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio makubwa ya duara. Yuko twiga ambaye madoa yake yamepangika kama wavu wa mvuvi. Yuko choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Yuko swala twiga, asimamaye kwa miguu miwili ili kula majani ya juu, ambaye Wasomali humwita garanuug. Na yuko mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Wajukuu zangu walichora kila waliyemwona katika daftari, na yule wa kati, aliyewahi kulia siku nzima katika safari ya mwanzo, ndiye aliyemgundua choroa kabla yetu sote.

Nendeni kuangalia wanyama asubuhi mapema na alasiri, kwa muda wa saa mbili au tatu, basi. Adhuhuri ni ya kulala. Kambi nyingi hazina ua, na ndovu huja mpaka karibu na mahema, kwa hiyo mtoto asitoke peke yake hata kwenda choo, na usiku muongozane na mlinzi. Msiache chakula mezani wala hemani, kwa kuwa nyani na tumbili hawana haya. Kando ya mto muwashike watoto mikono: mamba waonekana kama magogo.

Marsabit

Kutoka Archer's Post mpaka Marsabit waupita mlima wa Ololokwe, mkubwa na wa mawe matupu ubavuni, kisha nchi yawa tambarare na kavu, na misafara ya ngamia huonekana pande zote mbili. Hapa simamisheni gari mahali pa salama. Watoto wetu wameihifadhi Suratul Ghashiya chuoni tangu wakiwa wadogo, na ndani yake tumeelekezwa kumtazama ngamia jinsi alivyoumbwa. Wengi huisoma bila ya kumwona ngamia ila yule wa ufukweni aliyevishwa mashada kwa ajili ya wageni. Waacheni wamtazame huyu, kope zake, kwato zake na nundu yake, kisha waisome sura yao. Mjukuu wangu mkubwa aliisoma kwa sauti, na mchungaji wa Kirendille aliyekuwa karibu akasimama kumsikiliza.

Mji wa Marsabit uko juu ya mlima wenye msitu, katikati ya nchi kame, na asubuhi ukungu huufunika hata mtu haoni nyumba ya jirani. Ndani ya msitu mna ziwa liitwalo Paradise, lililomo katika shimo la volkano iliyozimika. Humo ndimo alimoishi ndovu aliyeitwa Ahmed, ambaye pembe zake zilikuwa ndefu hata zikakaribia ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe na askari usiku na mchana, na alipokufa 1974 ilikuwa kwa uzee, si kwa risasi. Sanamu yake iko katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, na mwaweza kuwaonyesha watoto mkiwa njiani kurudi. Wenye watoto waitwao Ahmed wajiandae kwa maswali mengi.

Afya ya wadogo

Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Msaleni kuhusu kinga ya malaria kulingana na umri na uzito wa kila mtoto, na hakikisheni chanjo zimetimia. Chukueni vyandarua, dawa ya homa ya watoto, kipimajoto, na pakiti za chumvi ya kurudishia maji mwilini, zaidi ya mnavyodhani mtahitaji. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Msizidishe chumvi, kwa kuwa ina madhara kwa mtoto.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, hata kwenye joto. Maziwa ya mama yamtosha, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji mengi. Na hapa nawaambia kina baba: mke asikae na kiu kwa kuona haya kuomba gari lisimame. Simamisheni kabla hajaomba. Watoto wakubwa wapewe maji kidogo kidogo kila mara, wasingoje kiu.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu mzima garini: macho kuingia ndani, midomo kukauka, kulia bila machozi, kukosa mkojo kwa saa sita, na usingizi usio wa kawaida. Mkiziona, safari imekwisha, na kinachobaki ni kutafuta hospitali iliyo karibu, iwe ni mbele au nyuma.

Katika chakula, tende, ndizi, biskuti na mikate mikavu hustahamili njia. Nyama ya barabarani waepusheni wadogo. Isiolo na Marsabit nyama ya halali ni rahisi kupata, lakini katika makambi ya watalii ulizeni kabla ya kulipa amana ya chumba: nani anayechinja, na vyombo vinatumikaje. Wasipoweza kuwatosheleza, mayai, maharagwe, wali na mboga vyatosha kwa siku tatu.

Ibada ndani ya safari

Safari hii imepita masafa ya kupunguza sala, na ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni sadaka yake kwetu, tuipokee. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ukishatoka nje ya mipaka ya mji wako waweza kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, kwa nia ya kupunguza unapohirimia. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Ukisali nyuma ya imamu mkaazi, timiza nne pamoja naye. Waweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ikiwa Magharibi itawakuta ndani ya treni, nuieni ndani ya wakati wake kuiakhirisha, kisha msali pamoja na Isha mkifika. Kwa mama mwenye mtoto mikononi jambo hili ni wepesi mkubwa. Ila mkinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, mnakuwa wakaazi na mnatimiza sala.

Kuhusu maji: ikiwa mliyonayo yahitajika kwa kunywa, basi maji hayo ni ya kunywa, nanyi mtayammamu kwa udongo tohara wenye vumbi, baada ya wakati kuingia, na kwa kila faradhi tayammamu yake. Nimewahi kumwona mzee akitawadha kwa chupa ya mwisho huku watoto wana kiu. Huo si uchaji, bali ni kutoijua fiqhi.

Na tusisahau kwamba Mtume (s.a.w.) ameelekeza wasafiri watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Mteueni wenu. Na huyo amiri, kabla ya kuamua jambo, amuulize anayemjua mtoto vizuri zaidi garini. Kina mama, msinyamaze kama alivyonyamaza mama watoto mara ile ya kwanza. Swali lake lilikuwa sahihi, na kama angalilirudia mara ya pili huenda ningalisikia.

Mwisho

Safari ya starehe isifanywe kwa deni, wala kwa kuuza kilicho cha lazima. Asiyeweza Samburu mwaka huu, awapeleke watoto Shimba Hills au msitu wa Arabuko Sokoke, na fadhila ya kutazama viumbe vya Mola wake haitampita.

Mjukuu wangu yule mdogo sasa anasoma chuoni, na hakumbuki chochote cha usiku ule. Mimi naukumbuka wote. Mwaka huu, inshaallah, amefikia umri wa kwenda ziwani, na mama watoto ameshaanza kuandika karatasi yake. Nimemuuliza siku ngapi. Amesema hajui bado, kwa kuwa binti yetu ana kichanga kipya nyumbani, na huenda ziwa likangoja tena. Nimemwambia ni sawa.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu majumbani na safarini, na awarudishe wasafiri wote kwa ahli zao wakiwa salama. Amin.

Wabillahi taufiq.